Kalsiamu ya yai la uzazi haimo kwenye vidonge

Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe maneno ambayo nimeyasikia zaidi ya mara moja hapa Mikindani, kwamba mwanamke asiyeshika mimba ameishiwa kalsiamu, kwa hiyo anunue vidonge na anywe supu ya mifupa.

Ni kweli kwamba mbegu ya kiume inapoungana na yai, kalsiamu ndani ya yai hupanda na kushuka, kisha hupanda tena, kwa vipindi vya dakika kadhaa na kwa muda wa saa nyingi. Lakini kalsiamu hiyo yai linayo tayari, imehifadhiwa katika vifuko vyake vya ndani, na kinachoifungulia ni protini inayoletwa na mbegu yenyewe, iitwayo fosfolipasi C zeta, ambayo watafiti wa Cardiff, mji wa Wales, waliitangaza mwaka 2002. Mawimbi hayo ndiyo huliamsha yai, ambalo lilikuwa limesimama katikati ya kujigawa, na ndiyo hufanya ganda lake liwe gumu ili mbegu nyingine zisipenye. (Kupanda kwa kalsiamu kwa namna hii kulionekana mwaka 1977 katika yai la samaki mdogo wa Japani, kwa kutumia protini ing'aayo ya yavuyavu, ambaye sisi watu wa pwani twamjua kwa kuwasha tu.)

Sasa, mwanamume ambaye mbegu zake zina vichwa vya duara visivyo na kofia ya kupenyea yai kwa kawaida hana protini hiyo ya kutosha, na hata daktari akiidunga mbegu yake moja kwa moja ndani ya yai, njia ambayo mimba zake za kwanza zilitangazwa mwaka 1992, mara nyingi yai halishtuki. Hapo wataalamu huweza kuliweka yai katika dawa inayoipandisha kalsiamu humo maabara. Vidonge vya dukani haviwezi kazi hiyo, kwa sababu mwili hauachi kalsiamu ya damu ipande ovyo. Vile wanavyopewa baadhi ya wajawazito ni vya kupunguza hatari ya kifafa cha mimba, na hao mimba wanayo tayari.

Ninaomba gazeti lako, litakapoandika tena kuhusu ugumba, liwaulize madaktari habari za kipimo cha mbegu za mume, maana huku kwetu bado ni mke anayepanda bajaji peke yake kwenda kliniki.

Mwalimu wa Biolojia,
Mikindani, Mtwara