Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Kwanza wa BIM

Ndugu wanachama,

Hesabu za mwaka atazisoma mweka hazina, na suala la ada mnalijua, kwa hiyo sitalirudia. Nitazungumzia zaidi jambo lililotushughulisha kuliko mengine yote hapa Dodoma mwaka huu: mafunzo ya modeli ya taarifa za jengo, inayojulikana kwa kifupi cha Kiingereza kama BIM, yaani kulijenga jengo kwanza ndani ya kompyuta pamoja na taarifa zake zote.

Wapo kati yetu wanaodhani BIM ni picha nzuri za kumvutia mteja. Picha ni sehemu ndogo tu. Kwenye mchoro wa kawaida, ukuta ni mistari miwili. Kwenye modeli ni ukuta kweli, wenye unene, kimo, aina ya tofali na plasta yake. Ukibadilisha tofali za inchi 6 ukaweka za inchi 5, ramani, mikato (michoro ya jengo kana kwamba limekatwa wima) na vipimo vya vifaa hubadilika kwa pamoja. Msanifu, mhandisi, fundi umeme na fundi bomba kila mmoja huweka kazi yake, kisha kazi hizo hupandanishwa kuona wapi zinagongana.

Kugongana huko ndiko nataka mkuelewe vizuri. Mwenzetu mmoja alituletea michoro ya jengo la ghorofa ambalo boriti yake ilishatobolewa ili bomba la maji taka la inchi 4 lipite. Mliofika saiti mliona wenyewe: zege limechimbwa kwa nyundo na patasi, nondo za chini ziko nje, moja imekatwa kabisa. Tulipoijenga modeli kutokana na michoro ile ile, programu ilionyesha alama nyekundu palepale kwenye boriti. Bomba hilo lingehamishwa kwenye kompyuta kwa dakika chache kabla hata ya kumwaga msingi. Sisi tunajenga kwenye ukanda wenye matetemeko ya ardhi, hivyo nondo iliyokatwa si jambo la kufumbia macho.

Faida nyingine ni vipimo. Mkadiriaji anapata ujazo wa zege moja kwa moja kutoka kwenye modeli. Lakini modeli haijui usichoiambia: nondo zisipochorwa, hazitahesabiwa, na anayeagiza vifaa bila kuhakiki atapata hasara ileile ya zamani.

Modeli huunganishwa pia na ratiba. Kwetu mvua ni za msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, na maeneo mengi yana udongo mweusi wa mbuga unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Ukiona kwenye modeli kwamba uchimbaji wa msingi unaangukia Januari, unapanga upya mapema.

Uingereza ilianza kudai BIM kwenye miradi ya serikali kuu mwaka 2016, na viwango vya kimataifa vya kusimamia taarifa za BIM, ISO 19650, vilianza kutoka 2018. Matakwa kama hayo yakifika kwetu, sitaki mwanachama wetu akose kazi Mtumba kwenye Mji wa Serikali au Msalato kwenye uwanja wa ndege kwa sababu tu hawezi kufungua faili aliyotumiwa.

Gharama ipo, tena kubwa. Leseni za programu nyingi hulipiwa kila mwaka, na kompyuta dhaifu hukwama. Hata hivyo, kuna programu za bure za kufungulia faili za IFC, muundo wa wazi unaosomwa na programu za kampuni mbalimbali. Kwa anayetaka kuangalia na kupima tu, hizo zinatosha kuanzia.

Kamati inaomba mridhie mambo mawili. La kwanza, tununue kompyuta moja yenye nguvu ikae ofisini, itumiwe kwa zamu. La pili, awamu ijayo ya mafunzo ianze na mafundi bomba na mafundi umeme, maana wao ndio huitwa mwisho, zege likiwa limeshakauka. Mjadala uko wazi, kisha tupige kura.