Kijana akiumwa kifua, muulizeni kuhusu mafua

Mhariri,

Naomba nafasi niwaeleze wazazi wenzangu yaliyompata kitinda mimba wangu, fundi ujenzi wa miaka 24.

Mwezi wa sita alishikwa na mafua makali: homa, viungo kuuma, kikohozi. Nikamfukiza mchaichai na mwarobaini, akapata nafuu kidogo, siku ya nne akarudi saiti kubeba zege. Usiku uliofuata akaniamsha. Nilimkuta ukingoni mwa kitanda, ameinama mbele na kukumbatia mto, jasho linamtiririka. Kila akijaribu kulala chali, kifua kinambana mpaka bega la kushoto.

Zahanati tuliyokimbilia walimpa dawa za vidonda vya tumbo, wakasema umri wake si wa ugonjwa wa moyo. Sikuridhika. Alfajiri nikampakia kwenye bajaji hadi hospitali kubwa. Kipimo cha umeme wa moyo kikaonyesha kama mshtuko wa moyo kabisa, na kwenye damu troponini imepanda, maana yake misuli ya moyo inaumia. Tukapewa rufaa Dar es Salaam. Huko wakampitishia mpira mwembamba mkononi hadi kwenye mishipa ya moyo. Mishipa safi, hakuna palipoziba.

Ndipo daktari akaniuliza: "Mama, huyu alikuwa na mafua karibuni?" Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo, wala mimi sikulisema. Akanieleza kwamba kirusi cha influenza huweza kuifanya misuli ya moyo ivimbe. Wengi hupona, lakini wengine moyo hushindwa kusukuma damu, au hupiga ovyo na kusimama ghafla, hasa mtu akijitumikisha.

Wahudumu wa zahanati, nawasihi: kijana akija na maumivu ya kifua, mpeni rufaa akapimwe moyo hata kama ana miaka 20, na muulizeni kuhusu mafua. Nasi wazazi tuyataje bila kungoja kuulizwa. Tusikae nyumbani kufukiza maumivu ya namna ile, kwani bila vipimo hakuna awezaye kuyatofautisha na mshtuko wa moyo.

Mwanangu sasa ana miezi miwili nyumbani. Zege na mpira amekatazwa mpaka apimwe tena, huenda ikafika miezi sita. Jioni wenzake wakipita kwenda uwanjani, hukaa barazani akiwasindikiza kwa macho. Njumu zake nimezifungia kabatini. Ufunguo ninao mimi, kwenye pindo la kanga.

Mama mzazi,
Makorora, Tanga