Yah: Kabureta mliyonifungia, na adabu ya msimamizi wenu

Kwa Meneja wa Gereji,
Chake Chake, Pemba.

Assalaam alaykum.

Baada ya salamu, sina haja ya kueleza kazi ilikuwa ipi, kwani fomu mnayo na masharti ya dhamana mmeyaandika nyinyi wenyewe. Mlikubali kutoa injekta, zile zinazopuliza mafuta kwa umeme, kwenye TownAce yangu ya abiria ya injini ya 7K-E na kuifunga kabureta, inayochanganya mafuta na hewa bila umeme huo, mkaandika kwa kalamu yenu kuwa mfumo wa mafuta umekamilika. Umekamilika vipi, ndugu Meneja, na pampu ya injekta bado imo ndani ya tangi?

Pampu ile kazi yake ni kusukuma mafuta kwa presha ya paundi 40 hivi kwa inchi ya mraba. Kabureta inataka baina ya 4 na 7. Ndani yake mna sindano ndogo inayofunga njia ya mafuta floti, yaani boya dogo, inapoelea, na floti haina ubavu wa kuizuia presha ile. Sindano inasukumwa, bakuli linafurika, petroli inamwagikia juu ya injini na nyengine inateremka kwenye silinda mpaka kwenye oili. Dawa yake kila fundi anaijua: ama pampu ya presha ndogo, ama kidhibiti presha chenye njia ya kurudisha mafuta ya ziada tangini. Na njia hiyo gari ilikuja nayo! Nyinyi mmeuchomeka mpira wake boliti yenye kutu, mkaibana kwa klempu. Picha ninazo.

Nilipokuja kulalamika nilikuja kwa ustaarabu. Nilichukua chupa ya oili niliyoitoa kwenye injini, imekuwa nyepesi kama chai ya rangi na inanuka petroli tupu. Nikaiweka mezani pamoja na risiti. Msimamizi wenu akachovya kidole, akanusa, akacheka. "Mzee, kabureta ni kabureta, itazoea." Kisha akaichukua risiti yangu, akafutia kidole.

Na huku tayari yalishanikuta ya mlimani, njia ya Mkoani, gari imejaa abiria wa boti. Injini ilizima nikiwa nusu ya mlima. Zamani kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, ndiyo iliyokuwa ikiikata pampu injini ikizima. Nyinyi mliitoa, mkaiunga pampu moja kwa moja na swichi ya ufunguo, kwa hiyo ufunguo ukiwa umewashwa pampu inasukuma tu, injini iwe inanguruma au imekufa. Mama mmoja aliyekaa mbele na mtoto wake ndiye aliyenusa mwanzo. Nilipofunua, petroli ilikuwa ikitona juu ya ekzozi, inatoa moshi kila tone likigusa. Niliteremsha watu wote mbio, wazee kwa watoto, mizigo ikabaki. Boti iliwaacha. Nauli nimewarejeshea mimi, na maneno niliyoambiwa siyaandiki hapa. Hata siku ya kuichukua gari ilikuwa ikitoa moshi mweusi pale pale uwanjani kwenu, nikaambiwa ni wa mwanzo tu, utaisha.

Narudi kwenye risiti, maana naona nimeipita kwa haraka. Benchi lenu lilikuwa limejaa watu, wengine majirani zangu, wengine nimewasomesha. Kijana wa umri wa mwanangu wa mwisho aliikunjua risiti yenye mhuri wa kampuni yako, risiti ya pesa niliyolipa taslimu bila kuomba kupunguziwa, akajifutia oili upande wa mbele, akaigeuza, akajifutia upande wa nyuma, polepole, huku akinitazama. Akanirejeshea kwa mkono wa kushoto. Wa kushoto, Meneja! Na watu wakacheka. Mimi nilisema ahsante nikatoka, kwa sababu nililelewa hivyo.

Ninachodai ni hiki. Mfunge pampu inayostahiki, muifungue njia ya kurudisha mafuta, muweke swichi ya kuikata pampu injini ikizima, na mbadilishe oili na filta, yote kwa gharama zenu. Hayo ndiyo niliyokusudia kuandika nilipokaa. Lakini oili iliyochanganyika na petroli hailindi beringi, kwa hiyo injini ifunguliwe na ikaguliwe mbele ya fundi nitakayemchagua mimi. Pia mnirejeshee nauli za abiria na pato la kila siku gari iliyolala. Na kadiri ninavyoandika naona hata ufundi wenyewe sikupaswa kuulipia, kwa hiyo nataka pesa yote ya kazi irudi. Na msimamizi aniombe radhi pale pale mezani, benchi likiwa na watu. Si kwa simu, wala si kwa kumtuma mtu nyumbani kwangu.

Mkikataa, barua hii itakwenda Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, na Zimamoto nao wataonyeshwa jinsi mnavyounga pampu kwenye gari za abiria. Chupa ya oili nimeihifadhi, risiti nayo ninayo na alama za vidole vyake pande zote mbili. Mahakama ikiitaka, itaipata.

Gari siiwashi tena, hata kuileta kwenu. Leteni gari ya kuivuta, kwa gharama zenu, kabla ya sala ya Ijumaa hii. Baada ya sala sitapokea simu ya mtu.

Wenu,
Mwenye gari,
Mkoani.