YAH: Malalamiko kuhusu visu mlivyovichomelea tabaka gumu

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Niliwaletea visu vinane vya mashine ya kukatakata matawi na kisu kimoja cha mashine ya kukata nyasi, mviongezee tabaka gumu la chuma kwa kuchomelea vipate kudumu. Vile vinane mmevipaka pande zote mbili za makali, navyo vimekuwa butu. Tabaka gumu likiwekwa upande mmoja tu, chuma laini cha upande wa pili hulika kwanza na makali yakabaki yanajinoa yenyewe. Hilo linarekebishika.

Kilichoniumiza ni kisu cha nyasi. Siku ya tatu ya kazi kipande cha ukubwa wa kidole gumba kilimeguka kwenye ncha, kikatoboa bati la kinga na kugonga ukuta. Kijana ninayefanya naye kazi alikuwa ndiyo kwanza amepita pale. Kisu hicho huzunguka karibu mara 3,000 kwa dakika. Mnaelewa kingemfanya nini mguuni.

Nilipokiangalia palipovunjika, nusu ya ufa ilikuwa imeshashika kutu na nusu iking'aa. Maana yake ufa ulikuwepo kabla ya siku ile. Nilimuuliza fundi wenu, akanijibu bila kuficha kwamba alikichomelea kikiwa baridi, kisha akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji kipoe haraka. Sina kinyongo naye, alifanya alivyoelekezwa. Lakini chuma cha visu kina kaboni ya kutosha kugeuka kigumu na chepesi kuvunjika pembeni mwa mshono kikipozwa ghafla. Kilitakiwa kipashwe moto kwanza, kisha kifukiwe kwenye majivu au mchanga mkavu kipoe polepole.

Tena fimbo za kuchomelea mlizotumia ni za kabidi ya kromiamu, yaani mchanganyiko mgumu sana wa kromiamu na kaboni. Tabaka lake hupasuka nyufa ndogo ndogo likipoa, hiyo ndiyo tabia yake. Kwenye nyundo nene ya kusagia mawe hazina neno; kwenye kisu chembamba kinachozunguka kwa kasi ni mwanzo wa kuvunjika. Mlipaswa kukikataa kisu kile mezani. Hata mizania hamkuipima: nilipokitundika kwenye msumari, upande mmoja ulishuka papo hapo.

Naomba mnirudishie malipo yote, mninunulie kisu kipya na kinga mpya. Zaidi ya hapo, wapigieni leo wateja wote mliowachomelea visu vya nyasi, wavifungue kabla hawajawasha mashine.

Vipande vyote viwili ninavyo, sijavigusa kwa tupa wala brashi. Mtumeni fundi wenu mkuu aje avione.

Wenu,
Mteja