Kabla ya Kumlipa Mchoraji wa Kitabu Chako cha Watoto

Waandishi wengi wapya wanaofika katika ofisi yetu hapa Nairobi huja na hadithi pamoja na michoro waliyokwisha kuilipia. Jambo hili hutusikitisha, kwa sababu mara nyingi mswada wenyewe haujahaririwa, na tukio moja likiondolewa, mchoro uliogharimu pesa nyingi hukosa mahali pa kuwekwa. Isitoshe, kampuni ya uchapishaji inayoukubali mswada kwa kawaida humteua mchoraji wake yenyewe.

Kitabu cha picha aghalabu huwa na kurasa 32. Idadi hiyo imetokana na mtambo wa kupiga chapa: karatasi kubwa huchapwa pande zote mbili, hukunjwa, kisha hukatwa, hivi kwamba kurasa hupatikana kwa mafungu ya 8 au 16. Ukiondoa ukurasa wa anwani na wa hakimiliki, hubaki takribani jozi 14 za kurasa zinazotazamana, na hadithi nzima sharti ienee humo.

Ndiyo maana tunamwomba kila mwandishi akunje karatasi 8 katikati, azishone, aandike hadithi yake humo kwa penseli ukurasa baada ya ukurasa, kisha amsomee mtoto kwa sauti. Mtoto akinyoosha mkono ili afunue mwenyewe, mahali hapo pameiva. Akianza kuchezea kamba za viatu, pana maneno ya kupunguzwa. Mara nyingi yanayopunguzwa ni yale ambayo picha itayasema: hakuna haja ya kuandika kwamba leso ya nyanya ni nyekundu ilhali msomaji anaiona.

Mswada ukishatulia, na ikiwa umeamua kujichapishia, ndipo mchoraji aitwe. Mwandikiane mkataba unaotaja idadi ya michoro, malipo na mwenye hakimiliki, kwa kuwa chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001 hakimiliki ya kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo.

Nambari ya ISBN, yaani nambari ya kukitambulisha kitabu, hutolewa na Huduma ya Maktaba za Kitaifa nchini, nayo iombwe kabla ya jalada kukamilishwa. Anayetaka kitabu chake kiidhinishwe kutumika shuleni atapitia tathmini ya KICD, taasisi ya kukuza mitaala ya Kenya, na ni vyema asubiri matokeo kabla ya kuagiza nakala nyingi kwa mpiga chapa.