Barua ya wazi: Mheshimiwa, mchicha kustawi si kipimo

Mheshimiwa,

Shikamoo. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua mbili nilizoleta ofisini kwako kwa mkono hazijajibiwa, na mvua ya juma lililopita imebomoa tena kingo za bwawa la marudio ya dhahabu, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha kutolewa dhahabu, lililo juu yetu. Tope la kijivu limeshuka na korongo mpaka kwenye matuta yangu ya mchicha.

Lilipobomoka mara ya kwanza ulikuja mwenyewe. Ulichuma jani, ukaligeuza mbele ya wanakijiji, ukauliza: "Mboga imestawi hivi, sumu iko wapi?" Ukaahidi wataalamu ndani ya wiki mbili. Leo ni mwezi wa kumi na moja tangu siku ile.

Mheshimiwa, mmea una namna yake ya kujikinga. Mizizi ikinyonya kadimiamu, metali yenye sumu, mmea hutengeneza chembechembe za jamii ya protini zinazoikamata metali hiyo, kisha huifungia kwenye vifuko vilivyo ndani ya seli ili isivuruge kazi ya jani. Hivyo jani linaweza kubaki kijani huku limebeba sumu. Mmea umejiokoa wenyewe, mlaji haujamwokoa. Mboga za majani hubeba zaidi kuliko punje ya mahindi. Zebaki nayo haingoji mizizi: dhahabu iliyokamatwa kwa zebaki inapochomwa, mvuke wa zebaki huingia kwenye majani kutoka hewani.

Na mmea ukizidiwa, unaonekana. Njoo uone mahindi yangu ya kando ya korongo. Majani yana michirizi ya njano, na shina nililong'oa lina mizizi mifupi, minene, ya kahawia, kama iliyobabuliwa. Hatua ishirini juu yake, tope lisikofika, mbegu ile ile imenipita kimo. Nadhani ni yale marudio. Sina kipimo cha kuthibitisha, na kipimo ndicho ninachoomba.

Nimeacha kuuza. Siwezi kumfungia mama mwenzangu fungu la mchicha ambao mimi nimekataa kumpikia mjukuu wangu. Marejesho ya kikoba yalitoka kwenye mchicha huo, na daftari za watoto pia.

Sigombani na wachimbaji. Wanangu wawili wanachimba. Lakini Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na bwawa lile nimelipima kwa hatua zangu, hazifiki thelathini. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki nchi yetu imeuridhia tangu mwaka 2020.

Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya kanda hapa hapa Mbeya. Tuma mtu achukue udongo, maji na jani. Jani, Mheshimiwa, lipelekwe maabara. Nimebakiza tuta moja sijaling'oa kwa ajili hiyo tu. Mchicha wake umeshaanza kutoa maua. Tafadhali, aje kabla haujakauka.

Mkulima wa mboga, Mbeya