Nia njema isiwe kichaka cha kujifichia

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa maoni ya wasomaji niseme neno kuhusu utetezi ambao umekuwa wa kawaida mno katika maisha yetu ya umma. Mtumishi akibainika kuwa amebadilisha takwimu katika taarifa, mwalimu akikutwa amewapa watahiniwa majibu, au kiongozi akigundulika kuwa ameuficha umma jambo ambalo ulistahili kulijua, jibu huwa ni moja: nilikuwa na nia njema. Nasi tunaosikiliza hugawanyika mara moja. Wapo wanaosema kanuni ni kanuni, aliyeivunja aadhibiwe. Wapo wanaosema tuangalie faida iliyopatikana. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinalitazama tendo kwa jicho moja.

Ili tusibishane hewani, nachukua mfano kutoka kwa jirani zetu. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda, bibi mmoja aliyejulikana kama mganga wa jadi, Zura Karuhimbi, mkazi wa Musamo katika eneo la Ruhango, aliwaficha nyumbani kwake watu zaidi ya 100. Hakuwa na silaha. Alichokuwa nacho ni sifa ya uchawi, naye akaitumia: alijipaka mitishamba inayowasha ili atakayeguswa naye aamini kuwa amelaaniwa, akatikisa bangili zake na chochote kilichokuwa karibu ili wauaji wadhani wanasikia mizimu, akawaambia kwamba ndani hamna mtu na kwamba atakayethubutu kuingia atakuwa anajichimbia kaburi. Wanamgambo waliokuwa wakiwaua majirani zao bila kusita waliiogopa mizimu, wakaondoka. Serikali ya Rwanda ilimtunuku nishani mwaka 2006, naye alifariki Desemba 2018.

Bibi huyu alisema uongo, tena si mara moja. Sidhani kama yupo msomaji atakayesita kusema kwamba alitenda vema. Ugumu unaanza tunapotakiwa kueleza ni kwa nini.

Immanuel Kant, mwanafalsafa Mjerumani ambaye jina lake halikosekani panapojadiliwa wajibu, alikabiliana na swali linalofanana na hili mwaka 1797 alipokuwa akimjibu mwandishi Benjamin Constant: mwuaji akikuuliza iwapo rafiki yako amejificha nyumbani mwako, je, unaruhusiwa kumdanganya? Kant alijibu kwamba huruhusiwi. Kwa hoja yake, kusema kweli pale ambapo mtu hawezi kukwepa kujibu ni wajibu wake kwa wanadamu wote. Na ukimdanganya mwuaji kwamba rafiki yako hayumo, kumbe rafiki ameshatoka kimyakimya na wawili hao wakakutana njiani, basi nawe utakuwa na hatia katika kifo chake. Wasomaji wa rika langu, waliokariri ahadi ya mwana-TANU isemayo "Nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko", wataitambua sauti hiyo ya katazo lisilo na mlango wa pembeni. Siidharau hata kidogo. Katika ofisi ya umma tunahitaji watu wa namna hiyo, kwa sababu anayejiruhusu kuvunja kanuni anayowadai wenzake waishike amekwisha kujifanya hakimu katika kesi yake mwenyewe, na hili Kant aliliona vizuri kuliko wengi. Lakini fundisho linalomtaka Karuhimbi aseme kweli, au walau linalomhesabia kosa, lina kasoro mahali fulani.

Wanaopima matokeo wanaonekana kuwa na njia nyepesi. Jeremy Bentham, na baada yake John Stuart Mill, walifundisha huko Uingereza kwamba tendo hupimwa kwa furaha au maumivu linayowaletea wote wanaoguswa nalo, na hapa hesabu ni roho zaidi ya 100 dhidi ya maneno machache ya uongo. Ila sisi tunaipiga hesabu hiyo tukiwa tumeshajua mwisho wake. Karuhimbi alipokuwa amesimama mlangoni hakujua kama hila yake ingefaulu. Kundi moja tu la wauaji wasioamini mizimu lingetosha kumwangamiza yeye na wote aliowaficha, na sidhani kama tendo lake lingegeuka kuwa baya kwa sababu hiyo. Tena, tuseme wangemwambia awatoe watu watatu ili wengine waachwe hai. Kipimo cha hesabu tupu kingemshauri akubali. Mimi ninaamini angekataa, na ninaamini angekuwa na haki ya kukataa.

Nimepata msaada zaidi kwa wanazuoni wa dini waliolichambua tendo sehemu kwa sehemu. Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alitenganisha kwanza tendo ambalo mtu analitenda akijua na akitaka, na lile linalotokea tu bila kukusudiwa, kama mtu anayejikuna ndevu huku mawazo yake yako mbali. Ni lile la kwanza tu linalostahili sifa au lawama, nalo hukaguliwa katika jambo lenyewe lililotendwa, katika nia ya mtendaji, na katika mazingira yake: nani, wapi, lini, kwa nani. Sehemu zote zikiwa safi, tendo ni jema. Moja ikiharibika, tendo limeharibika. Kwa ukali huohuo aliuhesabu kila uongo kuwa dhambi, ingawa aliukiri uongo wa kumwokoa mtu kuwa dhambi nyepesi, na kuhusu wakunga wa Kiebrania waliomdanganya Farao katika kitabu cha Kutoka alisema kwamba Mungu aliwalipa kwa huruma yao, si kwa uongo wao. Hapo ninatofautiana naye. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alishafika mbali zaidi: maneno ni njia ya kulifikia lengo, na ikiwa mtu asiye na hatia anajificha dhidi ya dhalimu anayetaka kumwua, kumdanganya dhalimu huyo ni wajibu pale ambapo hakuna njia nyingine.

Wapenda visingizio wasishangilie mapema. Ni Ghazali huyohuyo, alipokuwa akiifafanua hadithi mashuhuri isemayo kwamba matendo huzingatiwa kwa nia, aliyeonya kwamba nia haiibadilishi maasi kuwa utiifu. Anayewalisha maskini kwa mali ya mtu mwingine, au anayejenga msikiti au shule kwa fedha ya haramu, hatakaswi na nia yake hata iwe nzuri namna gani. Nikilisoma onyo hilo, huwakumbuka wengi tunaowapigia makofi kwenye harambee.

Sasa turudi kwa mtumishi wetu aliyebadilisha takwimu, ambaye bila shaka angependa kukaa benchi moja na Karuhimbi. Hawezi. Wauaji waliosimama mlangoni kwa bibi yule hawakuwa na haki ya kuambiwa walipo watu waliotaka kuwachinja. Wananchi wanaosomewa taarifa ya uongo wanayo haki kamili ya kuijua kweli, kwa kuwa ni wao waliomwajiri na ni wao watakaoumia mipango ikijengwa juu ya namba za kubuni. Karuhimbi aliiweka shingo yake rehani kwa ajili ya wengine, ilhali huyu ameziweka rehani shingo za wengine ili kulinda cheo chake. Vilevile bibi yule hakuwa na njia nyingine iliyobaki, wakati mtumishi wetu alikuwa nayo, tena fupi: kuandika namba halisi na kueleza kwa nini lengo halikufikiwa. Wote wawili wanaweza kuapa kwamba nia yao ilikuwa njema, na huenda wote wakawa wakweli katika hilo, lakini waliyoyatenda hayafanani.

Ombi langu kwa wanaosimamia somo la Historia ya Tanzania na Maadili katika mtaala mpya ni kwamba wanafunzi wasiishie kukaririshwa orodha ya uaminifu, uzalendo na uwajibikaji, kwani orodha hiyo hata mla rushwa anaijua kwa moyo. Wapewe visa vya kweli kama hiki, waulizwe nani alistahili kuambiwa kweli, nani alibeba hatari na njia gani nyingine ilikuwepo, kisha wapewe alama kwa sababu wanazozitoa hata kama mwalimu hakubaliani na jibu lao. Kazi hiyo inahitaji mwalimu aliye huru. Anayeshinikizwa na wakubwa wake apandishe ufaulu kwa njia yoyote ile hataweza kuifanya, na shinikizo hilo, ambalo kila mwaka huelezwa kuwa ni la nia njema, ndilo ningependa wakaguzi wa elimu waanze nalo.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro